Tone Moja Juu ya Karatasi

Siku ya kwanza kazini nilifika Sake nimevaa shati jipya, nikidhani nitafungua mota. Nilikuwa nimetoka Bihambwe alfajiri juu ya lori la viazi, na kila aliyeniuliza njiani ninakwenda wapi nilimjibu kwa kifua mbele: ninakwenda kuwa mekanisie, fundi wa mota za boti. Boti zenyewe zilikuwa mbili, za mbao, mali ya mfanyabiashara mmoja mtu wa Butembo ambaye sisi sote tulimwita Patroni. Zilibeba watu na mizigo ya soko kwenye ghuba, kwenda Minova na Goma.

Mkubwa wa karakana alikuwa Shefu. Alikuwa na jina lake, lakini hata mke wake alimwita hivyo. Alinitazama shati, akatabasamu, akanipa chupa mbili za bia zilizooshwa, kila moja ina kitu kidogo chini.

"Nusa," akaniambia. "Moja iko muzuri, moja imekufa. Uniambie gani njo imekufa."

Nilinusa. Zote zilinuka esansi. Hapa niwaeleze wasomaji wa mbali: esansi ndiyo ile wengine huita petroli, kwetu petroli ni mafuta ya taa, na anayechanganya majina haya siku moja atachoma nyumba. Nikanusa tena, nikaonyesha chupa moja kwa kubahatisha.

"Umetupa jiwe mu giza," Shefu akasema. "Rudilia. Hatuna haraka, boti haina miguu, haitakimbia."

Mara ya tano ndipo pua yangu ikafunguka. Esansi nzima hunuka kali na nyepesi, hupanda puani mara moja. Esansi iliyokaa miezi hunuka chachu, kama rangi ya mlango iliyosahaulika ndani ya mkebe, na rangi yake huelekea ya chai. Ni ile ile iliyotoka kituoni, ila sehemu yake nyepesi imeruka na nzito imebaki. Mota ukiilisha hiyo huwaka kwa shida, hukohoa, halafu huzimika mahali ambapo hutaki izimike.

Wiki ile yote sikugusa mota. Niliosha tanki.

Boti moja ilikuwa imekaa ufukoni tangu barabara iletayo mizigo ya soko ilipofungwa, na tanki lake, sanduku la chuma chini ya benchi la nyuma, lilikuwa nusu. Tuliivuta boti juu ya mchanga, pua juu na nyuma chini, ili mafuta yote yakusanyike kona moja. Halafu Shefu akafanya jambo lililonishangaza: alipita kwa kina mama wote waliochoma mahindi pale kando, akawaomba, mmoja mmoja, wahamishe mbabula zao, yale majiko ya makaa, juu ya kilima.

"Mama, utusamehe, ni ya nusu siku tu. Mutoto wangu wa kazi ataibeba."

Nikabeba. Mama mmoja akaniambia shati langu litageuka kanga ya jikoni, na alisema kweli. Niliporudi nikamwuliza Shefu kwa nini tunasumbua watu, na upepo upo, na moto uko mbali.

"Kwenu Bihambwe munajua mazuku?"

Nilijua kuisikia. Mtoto yeyote wa upande huu wa volkano anajua kwamba kuna mashimo na mabonde ambamo hewa mbaya hulala chini, haionekani, na mbuzi akishuka kulisha asubuhi hapandi tena.

"Bon. Mvuke ya esansi iko ndugu ya mazuku. Hapandi juu kama moshi. Anashuka, anatembea chini polepole, anatafuta shimo. Akikuta mbabula ya Mama, anarudi na moto mpaka kwako. Kwa hiyo tunapandisha moto juu, sisi tunabaki chini."

Vitabu nilivyosoma baadaye vilieleza jambo hilo kwa kurasa tatu, na hakuna kilicholieleza vizuri zaidi.

Kazi yenyewe, vijana, haina siri, ina utaratibu. Tulivuta mafuta kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo. Shefu alikuwa na jino moja tu la mbele na alisema mengine yalikwenda na esansi, ingawa mkewe alisema ni miwa. Tulijaza ndoo ya chuma, kisha chupa safi ya kioo, tukaiweka bila kuitikisa. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo hushuka, na baada ya muda wa kula hindi moja utaona mstari: esansi juu, maji chini, na kutu ikilala chini ya maji kama sukari isiyokorogwa. Hapo unajua mgonjwa wako anaumwa nini.

Halafu tanki. Ulitia esansi mpya kidogo na kokoto kumi na mbili za mtoni, laini, si mawe ya volkano maana hayo yanajikwangua na kuacha changarawe. Ulilitikisa mpaka mikono ife, kokoto zikikwangua kutu. Ulimwaga, ukahesabu kokoto. Zikitoka kumi na moja, kazi haijaisha. Ulipangusa kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa kisichoacha nyuzi, ukaliacha wazi kwenye upepo wa ziwa hadi lisinuke chochote. Mpira wa kupitisha mafuta ulibadilishwa, na filtri, lile chujio dogo kabla ya mota. Esansi chafu haikumwagwa ziwani kamwe. Tuliiwekea pipa lake, tukaoshea vyuma. "Ziwa njo sahani yetu," alisema Shefu, na wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakirekebisha nyavu karibu yetu waliitikia amina.

Mwisho kulikuwa na jaribio la karatasi. Shefu alichana ukurasa wa daftari la shule, akachora duara kwa kalamu ya risasi, akadondosha ndani yake tone moja la mafuta yanayoingia tankini. Esansi safi hukauka na karatasi hurudi kama ilivyokuwa. Likibaki doa la mng'ao, unaloweza kuona mwanga kupitia kwake, ndani yake kuna mafuta mengine.

Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiota: "Bidoni ya esansi haijue kitu ingine." Zile bidoni zetu za plastiki, za lita ishirini, alizifunga kitambaa chekundu shingoni, na hakuna aliyethubutu kutilia humo maji, mazutu, yaani dizeli, wala kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Nilikaa chini ya Shefu miaka mingi kuliko nilivyotarajia, na macho yake yakaanza kuingia ukungu. Siku Patroni aliponunua mtumbwi mkubwa wa mota kwa ajili ya mto Lowa, kule Walikale, alinituma nikauanzishe. Alinisindikiza mpaka kwenye lori.

"Fanya kazi muzuri kule," akasema. "Shefu haonake tena. Ukirudi, atakuachia funguo."

Funguo ya karakana ndiyo ilikuwa ushefu wenyewe. Nilipanda lori nikiwa nimekwisha kuiona mfukoni mwangu.

Safari ya Walikale ilituchukua siku nyingi za matope. Tulipofika Mpofi, bidoni yangu moja ya akiba ilikuwa imepasuka chini ya magunia. Soko la Mpofi lilikuwa limejaa bidoni za njano, lakini zote zilikuwa zimebeba mawese, maana huko ndiko nchi ya michikichi inakoanzia na mafuta yake mekundu yanateremka kila upande. Nikasimama pale nikiikumbuka sheria. Halafu nikajiambia kwamba Shefu yuko Sake, na mimi ni fundi, najua kuosha. Nikainunua. Niliiosha kwa maji ya moto, majivu na sabuni, mara nne. Nikainusa: ilinuka sabuni tu. Nikaifunga kitambaa chekundu shingoni.

Dereva wa mtumbwi alikuwa Papa Kasimba, mtu wa msituni kule, mrefu, wa maneno machache, aliyeujua mto Lowa kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Nilimfundisha mota, akashika upesi. Niliacha bidoni ile imejaa esansi katika ghala la pale gatini, nikamwambia Jeran, yaani msimamizi wa duka la Patroni pale Walikale, kwamba hiyo ni akiba ya siku ya shida. Nikarudi Sake.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara. Esansi haikufika, na mtumbwi ulilala miezi mitatu. Mwishowe akiba ikafunguliwa, na wiki moja baadaye Jeran akapiga foni, ile redio ya kusemeshana na mbali tuliyoitumia kabla ya simu za mkononi. Mtumbwi ulikuwa umezimika katikati ya mto, umejaa abiria na ndizi, ukaanza kuburutwa kuelekea mahali maji yanapoanza kupiga kelele. Papa Kasimba aliuokoa kwa mti wa kusukumia na kwa mikono yake, akishika matawi ya ukingoni mpaka ngozi ikabaki kwenye matawi. Hakuna aliyekufa. Lakini Jeran aliona esansi ya tankini ina wekundu, akasema Kasimba ameuza nyingine na kuongeza mawese ili ijae. Patroni akanituma nikafungue tanki na kutoa ripoti. Kama ni kweli, Kasimba afukuzwe.

Nilimkuta amekaa gatini, viganja vyote vimefungwa vitambaa. Tulisalimiana kwa viwiko.

"Fundi, mimi mawese ninakulaka," akaniambia. "Siwezi kuipatia chuma."

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Tukavuta mtumbwi, tukahamisha mbabula, nikanyonya tanki kwa pampu, nikajaza chupa. Esansi ilikuwa imezeeka, hilo nililitegemea, lakini ilikuwa ya rangi ya machungwa, na hapakuwa na mstari wa maji. Nikachora duara kwenye karatasi, nikadondosha. Tulisubiri. Tone likakauka, likaacha doa linalong'aa kama jicho. Jeran akaiinua karatasi juu mbele ya watu.

"Munaona? Karatasi haina kinywa, lakini imesema. Andika ripoti, Fundi, weka sinyatire yako chini."

Papa Kasimba hakujitetea. Aliangalia mto tu, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mwizi angepiga kelele. Nikaomba nione ghala kwanza.

Bidoni yangu ilikuwa pale pale, tupu, kitambaa chekundu shingoni. Niliinusa mdomoni: esansi. Nikaigeuza juani: katika plastiki ya njano rangi yoyote huonekana njano. Nilitaka kuiweka chini, na mkono wangu ukashika mahali pake pa kushikia. Vijana, chukueni bidoni yoyote iliyo karibu nanyi mtazame. Mkono wake ni mtupu ndani, kama mfupa, na umeungana na tumbo kwa vitundu viwili. Nikaazima panga, nikaukata.

Ndani mlikuwa na mawese yaliyoganda, mekundu, yamebaki ukutani pande zote, na katikati njia ambayo esansi ilikuwa imeyala kwa miezi mitatu. Maji yangu ya moto hayakuwahi kufika pale. Nilikuwa nimeosha tumbo nikasahau mkono.

Nilisimama ghalani peke yangu na ule mkono wa bidoni, na sitawadanganya. Nilifikiri haraka. Kasimba asingejua kuunganisha mambo. Jeran asingetaka. Ningeweza kuandika kwamba sababu haijulikani, nikamtetea Kasimba nusu na kujilinda nzima. Nikaiona ile funguo ya Sake. Halafu nikakumbuka vile viganja, na viwiko vyake vikinisalimia.

Foni ilikuwa katika chumba kimoja chenye dirisha, na kila mtu aliyengoja zamu yake alisikia neno la kila mtu. Siku ile walikuwa watu kumi hivi. Nilimwita Papa Kasimba aingie pamoja nami, Jeran akatufuata. Sauti ya Patroni ikaja na kelele yake.

"Sema."

"Patroni, esansi iko na mawese. Lakini Kasimba hakuiba. Mawese ilitoka mu mukono ya bidoni. Bidoni ile nilinunua mimi, Mpofi."

Foni ikakoroma. "Rudilia."

Nikarudia, polepole zaidi, na safari hii wale wa nje ya dirisha wakasogea karibu.

"Shefu alikufundisha nini juu ya bidoni?"

"Bidoni ya esansi haijue kitu ingine."

"Na wewe?"

"Niliona ninajua kuosha, Patroni."

Foni ikakoroma tena, mwenye foni akaipiga mashine kofi, akidhani imekufa. Kisha: "Bon. Funguo itangoya. Utabaki Walikale mpaka nikuite. Sasa mupatie Kasimba mikro."

Kasimba hakuweza kushika kile kipaza sauti kwa viganja vyake, kwa hiyo nilimshikia mdomoni kama mtu anavyolisha mgonjwa.

"Papa Kasimba, utusamehe. Mikono inaendelea namna gani?"

"Inapona, Patroni."

"Ikipona, mutumbwi iko yako ya kuendesha. Hakuna mwingine."

"Ndiyo, Patroni."

Jeran alikunja ile karatasi yenye doa, akaiweka mfukoni, na baadaye jioni ile alimpelekea Kasimba jogoo. Nje ya dirisha mama mmoja aliyekuwa akingoja kuongea na mwanawe akasema, "Kumbe leo foni imekuwa konfesio. Padri atakosa kazi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nilibaki Walikale miaka mitatu. Mtu mwingine alishika funguo ya Sake. Nisingesema haikuniuma, lakini miaka ile ilinifunza zaidi ya yote. Tulilisafisha tanki lile mimi na Kasimba siku iliyofuata. Yeye alihesabu kokoto kwa sauti kwa sababu hakuweza kutikisa, nami nikatikisa. Mkono wa bidoni aliutundika kwa kamba kwenye nguzo ya gatini. Aliyeleta bidoni ya kukopesha alionyeshwa ule mkono kwanza. Yeye alinifundisha kusoma maji, nami nikamfundisha tone na karatasi. Hakujua kuandika, ila duara alilichora zuri kuliko langu.

Yule mwingine alipoacha kazi na kurudisha funguo kwa Shefu, Patroni aliniita, nami nikakata kipande cha ule mkono nikampelekea Shefu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Alikizungusha vidoleni, akatia kidole ndani, akakinusa.

"Mimi pia sikujua hii," akasema. "Miaka yote minasema sheria, sikujua mawese anafichamaka wapi. Sasa iko na sababu." Akatafuta mkono wangu, akaweka funguo humo mwenyewe.

Tangu hapo, kila Kasimba alipojaza tanki, alidondosha tone, na karatasi aliituma kwangu Sake na dereva wa lori, imekunjwa mara nne. Madereva waliidhani ni barua, wakaona aibu kwa ajili yangu walipoifungua na kukuta hakuna kitu, duara tu. Mimi nilijua imeandikwa nini.

Leo nimestaafu. Nimerudi Bihambwe, ninalima maharagi, na mabega yananikumbusha kokoto kila mvua ikikaribia. Vijana huja kuniuliza, kwa sababu boti bado zina matanki na barabara bado hufungwa, na esansi bado huzeeka ikingoja. Ninawaeleza yale yale: nusa, pandisha moto juu, hesabu kokoto, kata mkono wa bidoni uone. Ukikosea, na utakosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalipa kwa ngozi yake. Nyinyi mna mikono mizuri na muda mwingi. Itawezekana.

Nilipostaafu nilidhani karatasi zitakoma. Kasimba naye ameacha mto. Binti yake ndiye anayeendesha sasa. Lakini mwezi uliopita lori lilisimama mbele ya shamba langu, na dereva, kijana nisiyemjua, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Papa, watu ya Walikale wamekuchezea," akasema. "Nimefungua, haiko kitu."

Nikaifungua juani. Duara lilikuwa zuri, la mkono mwingine, mwepesi kuliko wa baba yake. Ndani yake karatasi ilikuwa nyeupe tupu.

"Iko," nikamwambia, nikaikunja tena mara nne.